Dakika Thelathini za Giza

Kashojwa, Nakivale
Tarehe 14 Oktoba 2025

Kwa mdogo wangu Nehemiya,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, wewe na nyumba yako na kanisa lote la huko mlimani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lako la kushoto limekubali tena kupanda mpaka malishoni. Déo, alipofika hapa kutoka huko kwenu, alituambia kwamba mvua zimewahi mwaka huu na kwamba mabati ya kanisa bado yanashikilia. Tulifurahi. Alituambia pia ni ng'ombe wangapi waliobaki baada ya vurugu za mwezi wa tano, nami nikamwomba anihesabie tena, maana najua kila mmoja aliyepotea ulikuwa umempa jina.

Sisi huku kambini tupo. Maharage yametoka vizuri kwenye shamba la juu, la chini limekauka. Viviane jirani yetu anakusalimu, anasema bado anakumbuka mahubiri yako ya Pasaka, ingawa nikimwuliza yalihusu nini anacheka tu. Mimi miguu imevimba mpaka magotini na ninalala nimeegemea ukuta. Muuguzi wa kituo cha afya anasema ni moyo, akanipa vidonge vya kupunguza maji mwilini. Muda hakuutaja. Lakini nimefundisha biolojia miaka thelathini na moja, na najua moyo uliochoka unakwenda namna gani. Kwa hiyo naandika kidogo kidogo kila asubuhi, nikipumzika, na hii ni asubuhi ya nne. Nimemwomba Déo, akirudi huko, akupe barua hii mkononi. Isome peke yako kwanza, usimpe mtu akusomee.

Naandika kwa ajili ya macho ya Benitha.

Binti yako ulinipa nimlee alipokuwa na miaka saba, baada ya kumzika mkeo Mukashema, na wewe ukarudi kulinda kanisa na mifugo. Mwaka 2020 nilikuandikia kwamba madaktari wa Mbarara wamegundua ana ugonjwa wa mama yetu, kwamba uwezo wa kuona usiku utamtoka kwanza, kisha pembeni, kisha kote. Ulinijibu kwa barua ya kurasa tatu, karibu yote maombi. Ninayo hapa ndani ya Biblia. Sijaweza kuifungua mara ya pili.

Niruhusu nianze mbali. Unakumbuka mama yetu Nyirabizimana alivyokuwa akirudi malishoni. Jua likishashuka alishika mkia wa ng'ombe, akafuata nyuma mpaka zizini, nasi tulidhani ni mchezo anaotufanyia watoto. Nilipokuwa mwalimu ndipo nilipoelewa. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaoitwa retina, na ndani yake kuna seli za namna mbili, za mchana na za giza. Za mama za giza zilikuwa zinakufa.

Mwaka 2019 alikuja hapa Kashojwa mtafiti mmoja kutoka Mbarara, Daktari Kyarisiima, mwanamke mrefu mwenye haraka. Alikuwa akitafuta familia zenye watu wasioona jioni, akahitaji mtu wa kumtafsiria na kumwandalia wagonjwa. Watu wakamwambia yupo mzee aliyekuwa akipasua macho ya ng'ombe mbele ya wanafunzi huko Uvira. Nilipomweleza utaratibu wa retina bila kutazama karatasi, alikaa chini kwenye benchi langu akasema yeye atakuja na mashine, mimi nije na watu.

Kazi yenyewe ilifanyika kwenye chumba cha nyuma cha kliniki moja mjini Mbarara. Mgonjwa anawekewa matone ya kupanua mboni, kisha anakaa kwenye giza kamili kwa dakika thelathini, ili seli za giza ziamke. Baada ya hapo anawekewa uzi laini kama unywele kwenye ukingo wa kope la chini, anaweka kidevu mbele ya bakuli jeupe, na ndani ya bakuli unamulika mwanga hafifu kama wa kimulimuli. Jicho likiupokea mwanga linatoa umeme kidogo sana, na ule uzi unaupeleka kwenye mashine. Kwenye kioo unaona mstari unaopanda kama kilima. Kilima kirefu, seli zinafanya kazi. Kilima kifupi, zimeanza kufa. Mgonjwa hana la kusema wala la kusoma. Jicho lenyewe ndilo linalojibu, na Daktari alipenda kusema kwamba jicho halijui uongo.

Kazi yangu ilikuwa ile ya gizani. Niliingia na mgonjwa, nikafunga mlango na mapazia mawili mazito, nikakaa naye. Simu hairuhusiwi, saa yenye mwanga hairuhusiwi. Mwanzoni Daktari alinipa saa ya jikoni yenye kengele, lakini kengele ilipolia watu wetu waliruka, mwanamke mmoja akaingia chini ya meza na ilitubidi kumbembeleza saa nzima. Unajua sisi tuliokimbia vita tumezoea kufanya nini gizani: kujificha. Kwa hiyo nikaanza kuimba nao. Nyimbo za kitabu, beti zote, mwendo wa polepole wa kanisani kwetu. Daktari alisimama nje ya mlango na saa yake siku tatu mfululizo, akaona kila wimbo unachukua karibu dakika tano. Akacheka, akaandika kwenye daftari lake kwamba nyimbo sita ni nusu saa. Tangu hapo tulipima giza kwa nyimbo. Kipimo kile kilikuwa kizuri, Nehemiya. Nataka ulijue hilo, usije ukadhani kosa lilikuwa la nyimbo.

Zilikuwa siku nzuri. Mzee Bienvenu wa Kabazana aliniuliza gizani kama nilisoma miaka yote ile ili nije kuzima taa za watu, kisha akalala usingizi wimbo wa nne akakoroma juu ya sauti yangu. Watu walianza kuniita Dokta wa Macho. Kwenye mabomba ya maji walinipisha. Nilijifanya sipendi.

Benitha alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa mshonaji, ana cherehani yake pale kwenye kibaraza, na alikuwa amelalamika kwamba jioni hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Mimi ndiye niliyesema apimwe. Tulikwenda Mbarara mwezi wa pili mwaka 2020, akapimwa. Kilima chake kilikuwa kifupi, chini ya nusu ya kinavyotakiwa kuwa. Daktari akasema tutarudia baada ya wiki sita. Mwezi wa tatu nchi ikafungwa kwa ajili ya corona, barabara zikafungwa, na ile mashine ilikuwa ya kuazima, ikarudishwa ilikotoka. Majibu yake yakaja kwa simu yangu, kwa Kiingereza, nami nikamsomea Benitha kwa lugha yetu tukiwa tumekaa mlangoni.

Hakulia. Aliniuliza miaka mingapi. Nikamwambia kumi, labda kumi na tano.

Yaliyofuata nilikuandikia vipande tu. Leo nayaandika yote. Aliuza cherehani kwa Viviane, akajifunza kufuma masweta ya wanafunzi, kwa sababu vidole vinaweza kufuma bila macho. Kila Jumamosi alijifunga kitenge usoni tangu mchana mpaka jioni, akajizoeza kwenda bombani, jikoni, chooni. Mfuko wa chumvi aliufunga fundo moja, wa sukari mafundo mawili. Alijikwaa, akaungua, akaendelea. Viviane alimwambia, wewe mutoto, Mungu hajakufunga macho, unajifungia mwenyewe kwa nini? Akamjibu kwamba anataka giza likifika limkute ameshajua njia. Na mimi, kaka yako, nilisimama kanisani Jumapili moja nikamtaja kama mfano wa ujasiri. Watu walisema amina. Yeye aliinamisha kichwa.

Kisha Prince akaja. Kijana wa kwetu, alikuwa na duka la vitambaa Kaberebere, na alimpenda Benitha tangu zamani za cherehani. Benitha alimwambia hapana, hataki mume wa kumshika mkono mpaka kaburini. Prince akasema yeye atakuwa macho yake. Akaja na wazee wake kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyesimama mahali pako. Wazee hawakuwa watu wabaya. Waliuliza tu, kwa adabu, kama ugonjwa ule unaingia kwa watoto. Nami nikachukua kalenda ya zamani, nikaigeuza, nikawachorea herufi kubwa na herufi ndogo za kuonyesha ugonjwa unavyorithiwa, baba na mama na watoto wanne, kama nilivyokuwa nikichora ubaoni. Niliwafundisha vizuri. Walinishukuru, wakanywa chai, wakaenda, na hawakurudi. Prince alioa mwaka uliofuata. Ana watoto wawili.

Nilipokuwa nikichora zile herufi, mdogo wangu, nilijua.

Miezi miwili iliyopita Daktari Kyarisiima alirudi. Ana mashine mpya sasa, ndogo, inashikwa mkononi, na alitaka kuwapima tena watu wa zamani aone ugonjwa umekwenda kiasi gani. Alikuja mpaka hapa nyumbani. Ukutani juu ya mlango wangu kulikuwa na karatasi ndani ya nailoni, ukurasa wa mwisho wa makala yake ya kisayansi, pale anaposhukuru watu. Jina langu lipo, na imeandikwa kwamba nilifanya kazi ya gizani kwa uangalifu mkubwa. Aliiona akatabasamu. Kisha akamwona Benitha anatoka shambani, jua limeshazama, anaruka mfereji na ndoo kichwani bila kutazama chini. Aliniomba tu nimlete Mbarara.

Tulikwenda Alhamisi. Safari hii saa iko nje kwa muuguzi, hakuna haja ya nyimbo wala ya mzee. Nilimwomba Daktari aniruhusu niingie na Benitha hata hivyo, akakubali, akadhani ni kwa ajili ya desturi. Mlango ukafungwa. Benitha akaniuliza tunaanza na wimbo gani. Nikamwambia leo hatuimbi, nina neno.

Nilimwambia hivi, na sasa nakuambia wewe.

Siku ile ya mwaka 2020 tulikaa gizani kama kawaida. Benitha aliniomba aanzishe yeye, na mimi nikamwachia. Nehemiya, sikuwa nimewahi kumsikia akiimba peke yake bila kumwona uso. Ilikuwa sauti ya Mukashema. Siyo kufanana, ilikuwa yenyewe, na pale inapopanda inavunjika kidogo kama ya mama yake. Wewe ulikuwa upande wa pili wa mto siku zile tatu za mashambulizi, nilikusimulia tu. Tulikuwa kwenye stoo ya kanisa, mkeo ana homa, Benitha mapajani mwangu, na Mukashema akimwimbia mtoto kwa pumzi ili asilie. Usiku wa pili akaomba maji. Bomba lilikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni. Sikutoka. Nilikuambia alikufa kwa homa, na ni kweli, lakini maji aliyaomba na mimi sikutoka. Kuimba kukakoma.

Kwa hiyo katika kile chumba cha Mbarara, mwanao alipokuwa akiimba, nilianza kusubiri akome. Nilijiambia nivumilie wimbo mmoja zaidi. Sikuweza. Niliinuka, nikasukuma mapazia, nikamwita muuguzi nikasema yuko tayari. Benitha alikuwa ametoka kwenye jua kali la saa saba. Macho yake hayakuwa yameamka. Aliniuliza, baba mukubwa, tayari? Nikamwambia tayari.

Mpaka hapo ni hofu, na hofu labda ungenisamehe. Kwenye fomu kuna nafasi ya kuandika dakika za giza. Niliandika thelathini. Kilima kilipotoka kifupi, Daktari alinigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Uganda, Mwalimu, huyu alimaliza muda yote? Nikasema ndiyo. Aliniangalia akauliza tena. Nikasema ndiyo mara ya pili, na nikaongeza kwamba tuliimba nyimbo zote sita. Kulikuwa na wauguzi wawili pale, na nilikuwa Dokta wa Macho. Ningesemaje kwamba mzee wa miaka sabini ameogopa giza?

Na bado kuna jingine. Yale majibu yaliyokuja kwa simu yalikuwa na mstari wa mwisho. Mstari huo ulisema kwamba matokeo haya yasihesabiwe kuwa ya kweli mpaka kipimo kirudiwe. Nilimsomea Benitha yote isipokuwa mstari huo. Nilijua kipimo kikirudiwa kitanisema. Nilijipa moyo kwamba labda kweli anaumwa, kwamba mama aliumwa, kwamba si lazima niwe nimekosea. Kwa miaka mitano na nusu niliomba, Mungu anisamehe, kwamba niwe sikukosea. Unaelewa nilikuwa naomba nini juu ya mtoto wako.

Hayo yote nilimwambia gizani. Naona aibu pia kwa kuchagua mahali hapo, ambapo hakuweza kuniona uso. Nilimaliza, nikasubiri anipige, au alie, au atoke. Aliuliza tu zimebaki dakika ngapi.

Nikamwambia sijui, saa iko nje.

Akasema basi tukae, tuimalize.

Tukakaa. Ilikuwa ndefu kuliko yote niliyowahi kukaa, na nilikuwa nikisikia pumzi yake, na sikuinuka. Muuguzi alipogonga, Benitha alitangulia kutoka akipapasa ukuta, kwa ustadi aliojifunza zile Jumamosi. Hakunishika mkono.

Kilima chake kilikuwa kirefu. Daktari alipima jicho la kulia, akapima la kushoto, akarudia la kulia. Akafungua faili la zamani, akaweka karatasi mbili sambamba, na hakumtazama Benitha, alinitazama mimi. Nikamwambia hapo hapo, mbele ya muuguzi. Alivua miwani. Alisema atawaandikia wenye jarida waondoe matokeo yale, na kwamba sasa hajui karatasi zangu nyingine azifanye nini. Nikamwambia ni moja tu. Alinijibu, bila ukali, kwamba hana njia ya kujua hilo. Kisha akampima Benitha kusoma herufi za ukutani. Anahitaji miwani ya kusomea, basi. Ndiyo sababu sindano ilimshinda jioni.

Tulipofika Kaberebere Benitha alimwomba dereva wa kliniki asimame. Alishuka, akasimama upande wa pili wa barabara akiangalia lile duka la vitambaa. Ilikuwa magharibi, taa bado hazijawashwa. Aliporudi aliniambia ameona rangi zote, hata zile za ndani kabisa kwenye rafu ya juu. Hayo ndiyo maneno pekee aliyosema njia nzima.

Nimeondoa ile karatasi juu ya mlango. Jumapili iliyopita nilisimama kanisani nikayasema haya, nikishikiliwa na wazee wawili. Hakuna aliyesema amina. Viviane amerudisha cherehani, ameiweka kibarazani bila kumwuliza mtu, na Benitha bado hajaigusa. Ananipikia. Ananiletea maji ya kunawa miguu. Bado ananiita baba mukubwa, na kila akiniita nainamisha kichwa.

Nilimwomba akuandikie yeye, kwa kuwa habari njema ni yake. Alikataa. Alisema, weye uliandika ile ya kwanza, na hii utaiandika weye. Akasema pia nisikuandikie kwamba muda ulikuwa mfupi, niandike ulikuwa kiasi gani, kwa mkono ule ule ulioandika kwenye fomu.

Msalimie mchungaji mwenzako na akina mama wa kwaya. Nisalimie kaburi la Mukashema. Ukipita pale stoo ya kanisa, ikiwa bado imesimama, nenda kwa miguu kutoka mlangoni mpaka bombani, unihesabie kama kweli ni hatua arobaini. Ukiona vema kuja kumchukua binti yako, njoo. Asikungoje mpaka unizike. Usiponijibu nitaelewa.

Zilikuwa nyimbo mbili, Nehemiya, na ubeti mmoja wa wimbo wa tatu.

Ni mimi, kaka yako,
Eliezeri